MTANDAO SI GHALA: TUHIFADHI VIDEO ZETU, ILA KWA ADABU

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu, Shirere

Ndugu msomaji, mkulima wa hapa Kakamega akiona mahindi yamekauka hayaachi shambani ati kwa sababu njia ya shambani anaijua. Huyavuna, akayaanika, akayapukuchua na kuyatia guniani. Hutamsikia akisema, "Wacha yakae huko, nitayakuta siku nikiyahitaji." Lakini sisi vijana, pamoja na wazazi wetu wenye simu, ndivyo tunavyofanya kila uchao na video zilizo mitandaoni. Mwambie mwenzako aiweke video fulani ndani ya simu, naye atakujibu, "Ya nini? Si iko TikTok? Nitaitafuta nikiitaka."

Makala haya yanampinga huyo mwenzangu. Maoni yangu ni kwamba mtandao si ghala bali ni soko. Kitu cha maana ukikiona sokoni hukiachi ukitumaini kwamba kesho utakikuta palepale. Hata hivyo nitasema pia, na najua wengine watanikunjia uso, kwamba si kila kilicho sokoni ni chako kubeba.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kuhifadhi ninakokuzungumzia ni kuichukua video na kuiweka ndani ya simu, kadi ya kumbukumbu, flashi au kompyuta, ili uweze kuifungua bila bando na bila kuomba ruhusa ya mtandao wowote. Darasani tunafunzwa kusema "kupakua". Kule nje wengi husema "kudaunilodi", na mradi tunaelewana sitagombana na mtu. Lakini kuna jambo ambalo wengi hudhani ni kuhifadhi nalo silo. Ukiibonyeza ile alama ya video uzipendazo, hujahifadhi chochote, umekumbuka njia tu. Mwenyewe akiifuta video, alama yako inabaki ukutani kama msumari usio na koti. Vilevile, video unayoishusha ndani ya programu ya YouTube haiwi faili yako. Hufunguka ndani ya programu hiyo peke yake, na baada ya muda hudai uunganishe intaneti tena. Huo ni ufunguo wa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, utalala nje.

Sasa, je, ni kweli kwamba vitu hupotea mtandaoni? Si tumeambiwa kila siku kwamba mtandao hausahau? Mgala muue na haki yake mpe: kuna mambo ambayo mtandao haukubali kuyasahau, nitayafikia baadaye. Lakini yapo mengi ambayo umeyasahau kabisa. Zamani kulikuwa na mtandao wa video fupi ulioitwa Vine, nao ulifungwa Januari 2017. Mtandao wa MySpace, ambao kaka zetu wakubwa wanaukumbuka, ulitangaza mwaka 2019 kwamba picha, nyimbo na video zilizopakiwa kwa miaka mingi kabla ya 2016 zilipotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Hakuna moto uliowaka wala mwizi aliyeingia. Ni kuhama tu, kama mtu anayehama kutoka Amalemba kwenda Lurambi na kusahau kabati.

Lililo karibu nasi zaidi ni hili. Tangu tarehe 19 Februari 2025, matangazo ya moja kwa moja ya Facebook hukaa siku 30 tu, kisha hufutwa yenyewe. Zile za zamani nazo, wenyewe walipewa muda wa siku 90 kuzichukua kabla hazijaondolewa. Hebu niulize, ni wangapi katika mtaa wetu wanaolijua jambo hili? Arusi, harambee, mahafali na mazishi yetu siku hizi hurushwa Facebook. Watu hukaa wakijua kwamba yako huko, na huko hayako tena. Waliosema mtumainia cha nduguye hufa maskini walikuwa wameona mbali.

Isitoshe, hata video ikiwa haijafutwa, njia ya kuifikia yaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikawa inazungushiwa kile kiduara cha kusubiri. Novemba mwaka huohuo Telegram ilizuiwa hapa nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Majirani zetu wa Uganda walizimiwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na ndugu zetu wa Tanzania wakazimiwa kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, kwa siku kadhaa. Huko India TikTok ilipigwa marufuku Juni 2020, na hapa kwetu ombi la kutaka ipigwe marufuku lilifikishwa Bungeni mwaka 2023. Halikufaulu, lakini lingefaulu, kila kitu ulichoachia huko kingebaki upande wa pili wa mto bila daraja.

Nitatoa mfano wa nyumbani, kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa. Agosti 2025 tulimzika kukhu, yaani nyanya yetu mzaa baba. Senje wangu mmoja anafanya kazi Saudia na hakupata ruhusa ya kuja. Mazishi yakarushwa moja kwa moja, naye akamzika mamake kwa kutazama simu jikoni mwa watu, akijifuta machozi kwa aproni. Usiku uleule binamu yangu mmoja, kijana wa boda boda ambaye watu humwona kama mtu asiye na mpango, alimwomba mpigapicha ile faili yenyewe, akaitia katika kadi ya kumbukumbu. Kadi hiyo imo ndani ya mkebe wa majani ya chai, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba.

Senje aliporudi Desemba aliomba kuitazama. Tulikaa naye sebuleni, na mara hii hakulia peke yake. Hilo lingetosha. Lakini kuna la zaidi. Katika mazishi yetu, wanaomdai marehemu huombwa waseme hadharani. Mzee mmoja jirani alisimama siku hiyo akatangaza kwamba hamdai kukhu chochote, kwamba yale mambo ya mtamba yalikwisha zamani. Miezi michache baadaye mzee mwenyewe alifariki, na wanawe wakaja kwetu wakiuliza habari za mtamba. Walikuja kwa ukali kidogo. Baba zangu wadogo hawakubishana nao. Waliwakaribisha chai, wakawafungulia video, nao wakamsikia baba yao kwa sauti yake mwenyewe. Wale vijana walinyamaza, kisha mmoja akaomba arudishiwe nyuma amsikie tena, si kwa sababu ya mtamba, ila kwa sababu hawakuwa na sauti nyingine ya baba yao. Tuliwapa nakala. Ndugu msomaji, unaona jinsi kitu ambacho watu hukiita mchezo wa simu kilivyozuia uadui baina ya nyumba mbili?

Tuje sasa shuleni. Sisi wa kidato cha tatu mwaka huu si kama vidato vya tatu vilivyotutangulia. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Nyuma yetu hakuna Form Two wala Form One, kuna wadogo zetu wa gredi ya kumi wenye mtaala wao. Tutakapofanya KCSE mwaka 2027, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 utakuwa umefunga mlango, na sisi ndio tutakaouvuta. Walimu wengi wa nchi hii wametusaidia kwa kuweka masomo yao YouTube na TikTok: huyu anaeleza ngeli, yule anachambua vitabu teule vya fasihi, mwingine anapiga hesabu za logi hadi hata mimi naelewa. Je, sisi tukishatoka, nani atayatafuta masomo hayo? Na mwalimu asiyepata mtazamaji atalipia nini kuendelea kuyatunza? Mimi sina unabii, lakini naona kwamba video tunazozihitaji mwaka 2027 ni afadhali tuziweke mkononi sasa.

Kuna na hesabu ya mfukoni. Wengi wetu ni wanafunzi wa kutwa. Simu si zetu, ni za mama au za kaka, tunazishika saa mbili usiku baada ya vyombo kuoshwa. Video ya kawaida hula yapata megabaiti 10 kwa dakika, zaidi au pungufu kulingana na ubora wake. Somo la dakika 10 ni megabaiti 100. Ukilitazama mtandaoni siku tano tofauti, umekula 500. Ukilihifadhi mara moja, ni 100 basi, hata ulitazame mpaka mwalimu akuote ndotoni. Na kadi ya gigabaiti 32 yaweza kubeba zaidi ya saa 50 za masomo kama hayo. Mama akikukuta na simu, badala ya kukuambia umemaliza bando, atakukuta huna bando na unasoma. Atakosa la kusema!

Jambo la tatu ni utamaduni wetu. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani zetu wa karibu kabisa, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilielezwa: wajuzi wengi ni wazee, warithi ni haba, na fedha na vifaa vya kutengenezea ala ni shida. Sisi huiona isukuti ikipigwa wanasiasa wanapokuja mjini, tukadhani iko tele. Lakini isukuti ya arusi si ya msiba, na ya msiba si ya kumkaribisha mheshimiwa. Ukiitafuta TikTok utapata vipande vya sekunde 30, vingine vimebandikwa muziki wa kigeni juu, ngoma zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikiwa kimya kama zimefungwa midomo. Ukibahatika kupata video nzima, iliyopigwa na mtu aliyesimama pale uwanjani tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ni dhahabu. Usiiache ipite.

Historia inatufunza hivyo. Mwaka 1950 mtu mmoja aitwaye Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis akarekodi nyimbo zao. Nakala zikatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye, nyimbo hizo zilirudishwa kwa wenyewe, na wapo wazee walioisikia tena sauti ya ujana wao. Walirudishiwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeweka. Lakini swali linaniuma: kwa nini nakala ikae Afrika Kusini na si kwetu? Mwaka 1950 hatukuwa na mashine. Leo mashine iko katika mfuko wa kila kijana wa boda boda. Sasa tutamlaumu nani?

La nne nitalisema kwa ufupi, mwalimu mlezi asije akaufuta ukurasa wangu. Video ni shahidi. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, watu walipigwa risasi nje ya Bunge. Mwaka uliofuata waandishi wa BBC walitoa filamu baada ya kuchambua picha zaidi ya 5,000 za siku hiyo. Tarehe 17 Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani jijini Nairobi akiwa hana silaha, kamera zikaona, na askari mmoja akafikishwa mahakamani. Katika nchi za mbali pia ni vivyo hivyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda mmoja wa Libya, hati iliyotegemea video zilizosambaa mitandaoni. Mwaka huohuo mitambo ya YouTube ilifuta video nyingi mno za vita vya Syria kwa kudhani ni za magaidi, na isingalikuwa kundi la watu waliokuwa wakizihifadhi tangu 2014, ushahidi huo ungaliyeyuka kama umande.

Mpaka hapa utadhani nasema tuhifadhi kila kitu. La hasha! Sasa naja kwenye upande ule mwingine, na ninaomba wavulana wenzangu wasikilize zaidi.

Katika mtaa mmoja wa mji huu, ambao sitautaja, kuna msichana aliyejirekodi akicheza chumbani kwake usiku, akiwa katika nguo za kulalia. Aliipakia kwa mzaha. Asubuhi alipoamka akaona si jambo la busara, akaifuta. Ilikuwa imekaa saa tisa tu. Lakini kuna mtu aliyekuwa ameihifadhi. Kufikia Ijumaa ilikuwa katika kila kikundi cha WhatsApp, imeandikwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Yule msichana hakuja shule wiki mbili. Aliporudi alikuwa akipita kando ya ukuta kama anayekwepa mvua.

Tazama basi: binamu yangu alihifadhi video, akapatanisha nyumba mbili. Mwingine alihifadhi video, akamvunja mtoto wa watu. Kidole ni kilekile na kitendo ni kilekile. Tofauti iko wapi? Wengine watasema tofauti ni kusambaza, kwamba kuweka tu si kosa. Sikubaliani nao. Alipoifuta, alisema waziwazi, "Sitaki tena." Anayeibakiza baada ya hapo amekalia kitu kisicho chake, hata kama hajakionyesha mtu. Na simu zetu hupotea, huazimwa, huibwa, huuzwa na picha zake ndani. Leo unaweka kwa siri, kesho fundi wa simu mjini anaifungua.

Kwa hiyo, swali si "Naweza kuihifadhi?" Kuweza, karibu kila mtu anaweza. Swali ni hili: "Mwenye video akijua kwamba ninayo, atanishukuru au atalia?" Mwalimu wa logi atashukuru. Wana wa yule mzee walishukuru. Yule msichana alilia. Ukishindwa kujibu, muulize mwenyewe. Na asiyeulizika, mwachie.

Najua mwerevu mmoja ataniuliza, "Na yule askari aliyepiga risasi, yeye atashukuru?" Hapana, hatashukuru. Lakini aliyepewa bunduki na umma akatenda jambo mbele ya umma, hilo ni jambo la umma. Yeye na mtoto aliyecheza chumbani si mizani moja. Anayetaka kuwapima pamoja anatafuta tu kisingizio.

Sheria nayo haikulala. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na mtoto ni mtu. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 shule moja huko Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kama shule yaweza kutozwa, wewe ni nani? Sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za aibu za mtu mwingine atozwe faini isiyozidi shilingi 200,000 au afungwe muda usiozidi miaka miwili, au yote mawili. Hata TikTok wenyewe, tangu Januari 2021, hawaruhusu video za walio chini ya miaka 16 zipakuliwe, na kwa sisi wa miaka 16 na 17 ruhusa hiyo huja ikiwa imezimwa mpaka tuiwashe wenyewe. Msiiwashe ovyo, jamani. Na aliyetengeneza video ana haki yake pia. Kuitazama nyumbani ni jambo moja, kuipakia tena kwa jina lako ni wizi, hata kama umeweka kibwagizo chako.

Tena wako wazazi wanaosema kwamba mambo haya yote ni upuuzi, kwamba watoto wanajaza simu uchafu mpaka haiwezi hata kupokea ujumbe. Siwalaumu. Simu nyingi zimejaa vichekesho 400 na hakuna hata somo moja. Dawa ni kuchagua. Anayeweka kila kitu hajaweka kitu, kwa sababu siku ya haja hatakiona.

Basi tuhifadhi namna gani? Nitataja manne niliyojifunza kwa kuwatazama wanaojua.

Kwanza, pitia mlango halali. Tumia kitufe cha mtandao wenyewe kama mwenye video ameruhusu, au mwombe akutumie. Akikutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti, kwa maana ikitumwa kama video ya kawaida hupunguzwa ubora. Zile tovuti na programu za kupakua kila kitu bure, ziogope. Nyingine zimejaa matangazo machafu, nyingine huomba kusoma namba na ujumbe wako wote. Kumbuka simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa ya mama. Utapakua wimbo mmoja, upakuliwe karo ya muhula.

Pili, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Video iitwayo kwa namba kumi na tano haina maana baada ya mwaka. Ipe jina: mazishi ya kukhu, Shirere, Agosti 2025. Andika nani anasema, wapi, lini, na nani alikupa.

Tatu, weka mahali pawili. Kadi huharibika, flashi huanguka chooni, simu huporwa stendi. Nakala moja ni sawa na nusu.

Nne, ukiombwa kufuta, futa. Usiulize kwa nini.

Nina pendekezo kwa chama chetu, na ndilo hasa lililonifanya niishike kalamu. Naomba Chama cha Kiswahili kianzishe ghala la video kabla ya 2027. Hatuhitaji fedha nyingi. Flashi mbili kubwa zatosha kuanzia, moja ikae kwa mwalimu mlezi na nyingine maktabani, pamoja na daftari moja la kuandikia. Ndani yake tuweke mafungu matatu. Fungu la kwanza liwe la masomo ya mtaala wetu, kwa idhini ya walimu walioyatoa. La pili liwe la wazee wa Shirere na vijiji vya jirani, wakisimulia, wakiimba, wakieleza ni ngoma gani hupigwa wapi, kila mmoja akiwa amekubali mbele ya mtu wa familia yake. La tatu liwe letu wenyewe: mashairi tuliyoyaghani, mijadala, michezo ya kuigiza, na hata yule mwalimu wetu akituchekesha wakati wa methali. Lisiingie humo jambo la kumwaibisha mtu, na asiyetaka kuonekana asionekane.

Kuna watakaosema simu haziruhusiwi shuleni. Ni kweli, na sitetei ziingizwe. Kazi ya kukusanya ifanywe nyumbani na wikendi, na flashi ndizo zije shuleni. Kuna watakaosema kompyuta za shule ni chache. Ni kweli pia, lakini flashi hailali njaa ikikosa kompyuta. Husubiri. Kinachoshindwa kusubiri ni wazee wetu, ni matangazo ya siku 30, na ni sisi ambao tumebakiza mwaka mmoja na ushei.

Walimu wetu wapenzi, wanachama wenzangu, wadogo zetu wa gredi ya kumi mtakaolirithi gazeti hili, akiba haiozi. Atakayekubali kusaidia aandike jina lake kwa katibu wa chama kabla ya kufunga shule, na likizo hii kila mmoja aje na video moja tu, moja yenye jina, tarehe na idhini. Mimi nimekwisha kumwomba senje ruhusa. Amekubali, ila amesema tuikate ile sehemu anapolia.